Mama aliacha kuona mwezi zamani, sasa damu imerudia. Tumupeleke wapi hapa Bukavu?

MutotoWaBagira:
Jambo bandugu na bamama ba huku Bukavu. Naandika juu ya mama yangu, eko na miaka 61, mwezi yake ilikatika zamani sana, mi nilikuwa bado ku segondere. Juzi mudogo wangu alimukuta usiku anafua kikwembe yeye mwenyewe, na mama hafuake usiku, akamuuliza kuko nini, mama akasema ni chai ilimwangika. Ilikuwa damu. Asubuhi njo alituambia ukweli, ilianza mbele ya Pasaka, inatoka kidogo, siku zingine ni rangi ya pinki tu ku nguo ya ndani, siku zingine nyekundu kabisa, kisha inakauka, unafikiri imeisha, inarudia. Maumivu hana, njo ile ilimufanya anyamaze.

Alienda ku santre moja ya afya (sitaji jina), bakamupatia antibiotike na ovule, bakasema ni infeksyo. Haikuisha. Akarudia, bakamupatia antibiotike ingine. Hakuna mutu alimuangalia, alikaa ku kiti, akaeleza, bakaandika dawa, akalipa, akarudi nyumbani. Hii inaniuma sana.

Sasa mu famiye kila mutu eko na yake. Shangazi anasema ni damu ya uzee, mama mukubwa anasema ni baraka, jirani ameleta mizizi ya kuchemsha akalie mvuke. Mi roho inaniambia kuko kitu. Tuende wapi, tuulize nini, ekografi peke yake inatosha? Musinifiche.

InfirmyeWaUsiku:
Pole dada, na pole mingi kwa mama. Mi ni infirmye, nafanyaka ku jinekoloji, kwa hiyo ntakuambia bila kuzunguka.

Mwanamke akimaliza miezi 12 mufululizo bila kuona mwezi, pale njo tunasema menopozi imefika. Damu yoyote inatoka kisha pale, hata tone moja, hata ute wa rangi ya kahawa, haiko mwezi tena. Iko na sababu ingine, na ile sababu inatafutwa kwa macho na kwa mashini, haikisiwe mutu amekaa ku kiti. Antibiotike mara ya kwanza bila kumupima, ya pili tena bila kumupima, hapana, kwa hii shida usimurudishe pale.

Sasa tulia kwanza. Ukichukua bamama 10 benye hii shida, karibu 9 haiko kanseri. Sababu inaonekanaka sana ni ukavu, estrojeni (homoni ya kike) ikishuka, ngozi ya uke na ile ya ndani ya kizazi inakuwa nyembamba, inachubuka bure, inavuja. Iko polipi, ni kanyama kanaota ndani ya kizazi ao ku shingo yake. Iko fibromu, uvimbe wa kizazi haiko kanseri. Iko ngozi ya ndani ya kizazi inanenepa kupita kipimo, tunaiita iperplazi. Na iko dawa, zile za kufanya damu iwe nyepesi, ao za homoni. Lakini yule mumoja kati ya 10 njo tunamutafuta, juu kanseri ya ndani ya kizazi inajitangazaka na damu mapema, karibu 9 kati ya bamama 10 beko nayo ilianza kuonekana kwa damu, na mara nyingi wakati bado iko ndani ya kizazi tu, na pale operasyo inaponesha bengi. Tena usisahau ile ya shingo ya kizazi, huku Congo iko mingi, nayo inatoaka damu, sana sana kisha kulala na bwana.

Tafuta pahali kuko jinekologi. Ataanza na maswali (mwezi ilikatika lini, damu ilianza lini, dawa gani mama anakunywa, sukari, tansyo), kisha amulaze, aweke spekulamu (kile chombo cha kufungua uke), aangalie uke na shingo ya kizazi kwa macho yake. Hapo hapo banaangaliaka kama damu inatoka kweli ku kizazi, juu mara zingine inatoka ku njia ya mukojo ao ku hemoroide na mama mwenyewe hajue. Nyuma ya pale ekografi, lakini ile ya kupitia chini, ile ya juu ya tumbo haionake muzuri. Banapima unene wa ngozi ya ndani. Ikiwa milimita 4 ao chini, ni ngumu sana kanseri iwe pale. Ikipita 4, banakamata kipande, njo biopsi. Na hata ikiwa nyembamba, damu ikirudia, uombe biopsi. Hiyo ya mwisho uandike ku karatasi, juu bengi banaambiwaka ekografi iko muzuri, banaenda nyumbani, damu inaendelea na bananyamaza.

MamaNyawera:
Mwanangu wa Bagira, usikawiye. Mi yalinipata nikiwa na 58, na mi nilikuwa mujane, nikawa nafikiri bakisikia mwanamke mujane anatoka damu batasema nini ku kanisa.

Ile ekografi ya chini usimuache mama aende bila kumueleza, juu banaogopaka jina tu. Unakojoa kwanza, unalala, bananyanyua magoti, banavika mashini kondomu na jeli, inaingia, ni baridi, haiume sana, ukiwa mukavu unasikia kidogo. Mi niliomba bageuze skrini nione. Dokta alinionyesha kizazi, na katikati mustari mweupe. Akaweka kamusalaba huku, kamusalaba kule, namba ikatokea chini. Ku upande moja mustari ulikuwa umevimba, akasema hapa kama kuko polipi. Bakaitoa kwa histeroskopi, ni kamera nyembamba inapita ku shingo ya kizazi, bakaituma ku labo, jibu likarudi hakuna ubaya. Mpaka leo niko muzima.

Na kingine. Ku malopitali makubwa kuko bana ba stage (banafunzi ba udokta na infirmye), banasimamaka wengi ku kitanda. Mama anaweza kusema nataka dokta moja na infirmye moja, na mwanangu akae ku kichwa yangu. Mi nilisema, bakanisikia. Akitaka dokta mwanamke aulize mbele, siku ya kuchukua fishi (karatasi ya kujiandikisha), si pale ameisha lala.

KokoWaKadutu:
Bajukuu, musikimbilie mambo ya kanseri kwa kila kitu. Siku zetu mama akirudilia mwezi tulikuwa tunasema Mungu amemufanya kijana tena. Sara alizaa uzeeni. Mupatie mama uji wa moto na mumuombee, mizizi ya kwetu nayo iliponesha batu mbele lopitali haziyafika.

MamaNyawera:
Koko yangu, naheshimu neno yako, na kuomba tutaomba. Lakini Sara, Biblia inasema desturi ya wanawake ilikuwa imemukoma, kisha akapata mimba. Hakuna pahali banasema alitokwa damu. Yule wa damu ni mwanamke wa mu Marko 5, miaka 12, na yeye alitoka mu nyumba, akapita katikati ya batu wote na haya yake, akatafuta uponyaji. Mama huyu naye tumuache atoke.

InfirmyeWaUsiku:
Na mimi naongeza kwa heshima, koko. Uji wa moto hauna shida. Mvuke na mizizi ya kuweka ndani ndiyo nakataza kabisa. Ngozi ya mama wa 61 imekuwa nyembamba, inaungua na inachubuka haraka, halafu dokta akija kuangalia hajue tena ni kidonda gani. Mama asiweke kitu ndani, asijioshe ndani na sabuni, aende vile eko. Hata siku damu inatoka aende, wengi banasema wacha ikauke kwanza, hapana, spekulamu inawekwa hata kukiwa damu.

MuzeeWaEssence:
Ninasoma huu uzi na moyo unapiga. Bibi yangu, muke wangu, alioperewa titi juu ya kanseri, alipewa tamoksifeni ya kunywa kila siku, na tangu mwezi iliopita anatoka damu kidogo. Eko na 55, mwezi ilikuwa imekatika. Aache dawa?

InfirmyeWaUsiku:
Muzee wangu, asiache yeye mwenyewe. Tamoksifeni inalinda titi lakini ku kizazi inafanya kama estrojeni, inaweza kunenepesha ile ngozi ya ndani, kuotesha polipi, na mara chache kanseri. Kwa hiyo bibi yako aende wiki hii hii, amwambie dokta jina la dawa na tangu lini anakunywa, abebe na kaboksi yake. Na ujue ekografi kwa mutu wa tamoksifeni inadanganyaka, ngozi inaonekana nene hata kama hakuna kitu, kwa hiyo mara nyingi banaenda moja kwa moja ku biopsi ao histeroskopi. Ile ya kuacha ao kubadilisha dawa iamuliwe na dokta wa titi na wa kizazi pamoja.

MuzeeWaEssence:
Aksanti mwanangu. Ntamusindikiza mimi mwenyewe.

DadaWaUvira:
Mimi niko Uvira. Mwaka jana walikuja kutupima bure kanisani, ile ya siki, wakaniambia niko sawa. Sasa nina 63 na nimeona madoa ya damu mara kadhaa. Si niko salama kwa sababu nilipimwa?

InfirmyeWaUsiku:
Dada, ile ya siki inaangalia shingo ya kizazi peke yake, haioni ndani ya kizazi hata kidogo. Froti, ile ya kukwangua seli na kuzituma ku labo, nayo ni ya shingo. Tena kisha menopozi ile sehemu inapaswa kupakwa siki inarudi ndani ya mulango wa kizazi, jicho haliifikie, kwa hiyo kwa umri wako siki inaweza kusema sawa na kitu kiko pale. Ni kipimo cha mutu asiye na dalili. Wewe uko na dalili, usitumie jibu la mwaka jana. Nenda upimwe kama vile nimemuandikia dada wa Bagira.

MutotoWaBagira:
Narudia na habari. Mama alikataa kwanza, na nimejua juu ya nini. Mi nilisema twende lopitali ya Panzi, akafikiri jirani bakimuona ku mulango wa Panzi batasema alibakwa ao eko na fistula (tundu ku uke inavujisha mukojo). Nilimueleza kama kweli Dokta Mukwege, mwenye alianzisha Panzi, alijulikana dunia nzima juu ya bale bamama, mpaka Nobel ya 2018, lakini ile ni lopitali jenerali ya referansi, batu banaenda pale na malaria, na kuzaa, na kila kitu. Akaniangalia. Akasema kama wewe utabaki ku kichwa yangu basi twende.

Tulienda. (Kwa bale mutaniuliza, hata ku lopitali Jenerali ya mu muji kuko bajinekologi, muangalie ni wapi iko karibu na nyumba na muulize bei mbele, kila eksame peke yake, ekografi, biopsi na labo, juu ile ya labo banaisahauka kusema na inakukuta huna franga.)

Spekulamu, shingo ya kizazi iko muzuri. Ekografi ya chini, na mimi niliona ule mustari na tumisalaba twake vile mama Nyawera aliandika. Milimita 11. Dokta hakuogopesha mama, alisema tu, mama, ngozi yako ya ndani iko nene kwa mutu hana mwezi, naomba nikamate kidogo nitume bakaangalie. Mama akanibana kidole.

Ntaeleza ile biopsi juu mimi nilikuwa naiogopa kuliko yeye. Bamemupatia dawa ya maumivu mbele, tukangoja karibu saa moja. Kisha spekulamu tena, dokta akakamata murija mwembamba wa plastiki, milimita 3 hivi, akaupitisha ku mulango wa kizazi. Ndani ya murija kuko kafimbo, akikavuta inanyonya. Alizungusha, akaenda mbele na nyuma, mama akasema "yoo, inakamata tumbo," maumivu ya mwezi ya zamani, dakika chache tu, ikaisha. Akasukuma ile kitu mu kachupa ka maji meupe, tunyama tudogo tudogo na damu, tukazama. Infirmye akaandika jina ya mama ku chupa, mi nikasoma mbele afunike, akakuwa amekosea herufi moja, akasahihisha.

Sasa tunangoja. Mama eko nyumbani, damu kidogo.

InfirmyeWaUsiku:
Ulifanya muzuri sana kusoma jina. Yale maji ni formoli. Bandugu bengine, mara zingine famiye njo inabeba chupa mpaka ku labo, basi hakikisha ni formoli, si maji ya bomba wala alkoli ya kusafisha kidonda, kile kipande kinaharibika na kila kitu kinaanza upya. Jina, tarehe, karatasi ya dokta, vyote viende pamoja. Na andika namba ya simu yako juu ya ile karatasi, kisha upige mwenyewe kuuliza, majibu ya labo ya vipande yanakawia na hakuna mutu atakukimbiza.

Damu ya kidogo siku chache kisha biopsi ni kawaida. Akipata homa, ao harufu mbaya, ao damu ya kulowesha kotekisi moja kila saa, murudie siku hiyo hiyo hata usiku. Na bamupime emoglobini (kuona kama damu haimupungukie), damu ya pole pole kwa miezi inamalizaka mutu bila yeye kujua, anasema nimechoka tu.

DadaWaUvira:
Na ikiwa mutu amefunga, ule murija haupiti?

InfirmyeWaUsiku:
Inatokea, mulango wa kizazi unakazaka kwa uzee, sana sana kwa mama hakuzaa. Ao murija unaingia na haupate kitu ya kutosha. Hapo si kusema basi tumemaliza. Banamulaza usingizi kidogo banafanya kiretaji (kukwangua ndani ya kizazi) ao histeroskopi. Jibu la labo likisema "kipande hakitoshi" na ngozi ilikuwa nene, ile haiko jibu.

MutotoWaBagira:
Jibu limetoka. Iperplazi na atipi. Dokta alichora ku karatasi, akasema haiko kanseri lakini seli zimeanza kubadilika sura, tukiiacha inaweza kugeuka, tena kwa bamama bamoja, kizazi kikitolewa, labo inakuta kanseri kadogo kalikuwa kamejificha mule. Kwa hiyo ameomba operasyo, kutoa kizazi na mirija na ovari zote mbili, na kile kizazi kitatumwa ku labo nacho. Aliuliza mama kuhusu sukari, na kweli mama eko na sukari na tansyo, na ni mama munene. Akasema mafuta ya mwili yanatengenezaka estrojeni kidogo kidogo hata kisha menopozi, na hakuna tena homoni ya pili, projesteroni, ya kuisawazisha, ngozi inanenepa tu.

Mama hakulia. Njiani mu taksi, tumefika Feu Rouge, njo aliniuliza, "bakitoa ile, nitabakia mwanamke?" Sikujua kumujibu. Mama Nyawera nisaidie.

MamaNyawera:
Mwambie mimi nasema hivi: kizazi kilimubebea nyinyi, kikamaliza kazi yake. Yeye ni mama yenu na nguo zake na sauti yake na vile anapangaka nyumba, hakuna dokta anatoa ile. Dada yangu mukubwa alitolewa kizazi, bwana yake hakuona tofauti. Mupe namba yangu ku inbox nitaongea naye mimi, mambo mengine mama haambiake mutoto.

KokoWaKadutu:
Mwanangu, nimesoma yote. Nami nitamuombea mama siku ya operasyo. Uniandikie siku gani.

InfirmyeWaUsiku:
Dada, mbele ya operasyo sukari yake ishuke kwanza, na tansyo, asiache dawa zake bila dokta kusema. Uliza kama kutahitajika damu. Huku kwetu famiye njo inatafuta ba kutoa, kwa hiyo mutafute batu mapema, musingojee asubuhi ile. Kisha operasyo asibebe ndoo ya maji wala furushi ya soko wiki 6 hivi, hata akisema amepona. Na jibu la kizazi mulifuate vile vile mulifuata la biopsi.

Kuko batu bataniuliza kama kila iperplazi ni kutoa kizazi. Hapana. Ile haina atipi banaitibu na projesteroni, vidonge miezi 6 hivi ao kitanzi chenye homoni, kisha banarudia biopsi. Ya atipi kwa mama wa umri huu, operasyo njo njia.

MwanaWaIdjwi:
Samahani kuingia kwa nyuma. Mama yangu eko Idjwi, miaka 70, ilimutoka mara moja tu, mwezi wa pili, haijarudia. Eko anasema imepita. Nimulete kweli boti yote hiyo kwa tone moja?

InfirmyeWaUsiku:
Mulete. Ile ya mara moja inahesabiwa sawa na ya kila wiki. Inaweza kuwa ukavu, bakamupa krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, ikaisha. Lakini ile ya ukavu inasemwa kisha kuangalia, si mbele.

MutotoWaBagira:
Mwana wa Idjwi, ukijua siku ya boti niandikie. Nitamupokea mama ku bandari mimi mwenyewe na nitamufikisha mpaka ku mulango wa ekografi, najua sasa ni wapi banachukua fishi na saa ngapi mulolongo ni mufupi. Ya mama yangu operasyo ni Alhamisi ya wiki ijayo, kwa hiyo kama unaweza umulete mbele ya pale.